Nimepima vifurushi vya dakika kwa laini tatu mwezi mzima, haya ndo niliyoyaona

Mimi nauza nyanya za jumla Soko la Ilala tangu 2012 na leo nataka niongelee huduma moja ninayoilipia kila siku ya Mungu, dakika za simu. Sio simu yenyewe, sio bando la intaneti, dakika za kuongea. Najua vijana mtasema siku hizi watu wanapigiana WhatsApp, sawa, lakini mkulima wangu wa Ilula kule Iringa yuko shambani na kitochi, dereva wa Fuso akiwa anashuka mlima Kitonga hana muda wa kuangalia kioo, na mama lishe wa Buguruni anayechukua matenga mawili anataka apigiwe aambiwe leo nyanya imeamkia bei gani, basi. Biashara yetu inaenda kwa sauti. Kabla jua halijatoka nishapiga simu kumi na kitu, nyingi fupifupi, na kila moja ina hela ndani yake.

Kwa hiyo mwezi uliopita niliamua kuandika. Nina daftari la mzigo, nikafungua ukurasa wa nyuma nikachora mistari, kila nikijiunga naandika tarehe, saa, hela niliyotoa, dakika nilizopewa, na dakika zilizobaki muda unapoisha. Laini tatu, mitandao mitatu tofauti. Majina ya mitandao siyaweki, maana menyu zao zinabadilika na yaliyonikuta kwa mmoja wengine mtakuwa yamewakuta kwa mwingine. Ila namba za kwenye daftari ni zangu na nazisimamia.

Nianze na tulikotoka, kwa sababu bila hapo hamtaelewa kwa nini kuna sehemu nawasifu na sehemu nalalamika.

Mwaka ule naanza biashara kupiga mtandao mwingine ilikuwa mzigo. Daftari langu la kwanza la namba nililigawa kwa namba za mwanzo, 0754 na 0767 kurasa zao, 0784 na 0688 kurasa zao, 0713 na 0655 kurasa zao, kwa hiyo ukitaka kumpigia mtu unaangalia kwanza tarakimu za mwanzo ndo unajua utumie laini ipi. Mimi nilikuwa na simu ya Mchina ya laini mbili na nyingine ndogo ya laini moja, zote kwenye mfuko wa kanga, na mtu asipopatikana kwenye mtandao wangu namtafutia namba yake nyingine, kwa sababu na yeye alikuwa nazo tatu. Salamu tulikuwa tunaziruka. Mtu mzima unampigia unaingia moja kwa moja, "shikamoo baba, matenga mangapi", kabla hata hajaitikia marahaba, na hakuna aliyekasirika maana wote tulijua sekunde zinahesabiwa. Na kubip ndo usiseme. Na mkulima wangu mmoja tulikuwa na lugha kabisa, akibip mara moja mzigo upo, akibip mara mbili mfululizo hela imeisha tuma, na biashara inaenda bila shilingi kutoka.

Sababu ya ule ughali nilikuja kuelewa baadaye sana. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, mtandao wako unaulipa mtandao wake kwa kila dakika kwa kazi ya kumfikishia hiyo simu. Wanaita gharama za mwingiliano, na kiwango chake kinapangwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mpaka mwanzoni mwa 2013 kilikuwa shilingi 112 kwa dakika. Shilingi 112 hiyo ni kabla kampuni yako haijaweka chake, haijalipia mnara, haijalipa kodi, sasa utapigaje bei rahisi hapo? Machi 2013 TCRA wakakishusha hadi 34.92, kikawa kinashuka kidogokidogo kila mwaka hadi 26.96 mwaka 2017, halafu Januari 2018 kikashuka tena hadi 15.60, na kufika 2022 kikawa shilingi 2 tu. Kutoka 112 mpaka 2. Hapo ndo zilipozaliwa zile "dakika mitandao yote" mnazoziona saivi kwenye vifurushi vingi, na ndo maana daftari langu la siku hizi halina kurasa za Voda wala za Airtel, lina majina ya watu tu. Hii naisifu kwa moyo mweupe. Waliokaa wakapiga ile hesabu ya mwingiliano wamenisaidia kuliko promosheni zote nilizowahi kutumiwa.

Sasa nije kwenye mwezi wangu.

Wiki ya kwanza nilitumia laini yangu kubwa, ile yenye namba wanayoijua wateja wote. Kifurushi cha wiki, 3,000, dakika 100 mitandao yote. Hapo ni shilingi 30 kwa dakika, bei nzuri, sina neno. Nikajiunga Jumatatu saa 2 asubuhi. Wiki ile mvua zilinyesha huko juu, mzigo ukaingia mara mbili tu, sikuwa na mengi ya kuongea. Jumatatu iliyofuata saa 2 asubuhi ujumbe ukaingia, ndugu mteja kifurushi chako kimekwisha muda wake, na nilikuwa nimebakiza dakika 38. Kwa hiyo nilizotumia ni 62. Ukigawa 3,000 kwa 62 ni shilingi 48 na ushee. Hiyo ndo bei niliyolipa kweli, hiyo 30 ni bei ya kwenye menyu.

Hapa ndo panaponiuma mimi kama mfanyabiashara wa kitu kinachooza. Nyanya ikilala siku tatu kwenye joto la Dar inaanza kulainika, ikifika ya tano naiuza masalo, na hakuna wa kumlaumu, ndo ilivyoumbwa, ina maji ndani. Dakika haina maji. Zile dakika 38 hazikuharibika, hazikuchukua nafasi kwenye ghala la mtu, mtu kaamua tu kwamba zife Jumatatu saa 2. Na mimi nilishazilipia zote cash siku ya kwanza. Mteja akinilipa matenga kumi akachukua sita akaniambia manne atayafuata wiki ijayo, siku akija nikamwambia muda umeisha, pale sokoni sikai.

Wiki ya pili ndo nikaona jambo ambalo sikuwa nalijua. Alhamisi mchana, mauzo yamepoa, tumekaa na jirani yangu wa meza ya pili anauza hoho na karoti, na yeye ana laini ya mtandao uleule ninaoutumia mimi. Nikamwambia mdogo wangu hebu fungua menyu yako. Tukaweka simu mbili juu ya tenga, tukabonyeza nyota pamoja, sehemu zilezile, mpaka kwenye ofa ya siku ya buku. Yangu ikaandika dakika 25. Yake ikaandika dakika 40. Mtandao mmoja, saa moja, tenga moja. Nikadhani nimekosea nikarudia, 25 vilevile.

Nikamuuliza hii laini unaitumia sana? Akasema, "Hapana mama, hii naiweka ya kupokelea tu, vocha naweza nisiweke hata wiki mbili."

Nikapiga 100, huduma kwa wateja. Nilisubiri dakika 11, nimeandika. Akapokea kijana mwenye adabu sana, sina ugomvi naye, nikamweleza, akaniambia, "Mama, hizo ofa zinapangwa na mfumo kulingana na matumizi ya mteja." Nikamwambia mwanangu, kwa hiyo mimi ninayetumia kila siku miaka yote hii ndo napata kidogo, na asiyetumia ndo anapata nyingi? Akanyamaza kidogo, akasema, "Mama naomba nipokee maoni yako."

Nimelifikiria hili wiki nzima na nimelielewa, ila sijalikubali. Mfumo unamwona jirani yangu anaondoka, unamvuta. Mimi unaniona nipo, siendi popote, namba yangu imeandikwa mpaka kwenye matenga, unanivuta kwa nini? Sokoni kwetu mambo yako hivi, mteja wa kudumu ndo anapewa nyongeza. Anahesabu nyanya zake, namalizia na tatu nne juu, hizo hatujaandikiana popote lakini asipopewa anajua amevunjiwa heshima. Mgeni nampa bei, mwenyeji nampa bei na nyongeza. Kwenye simu mgeni na anayetaka kuondoka ndo wanapewa nyongeza, mwenyeji anapewa bei. Ukielewa hilo unaelewa kwa nini Watanzania tunatembea na laini tatu tatu mpaka leo wakati ile sababu ya zamani ya mwingiliano imeshakufa. Tunazungusha laini ili kila mtandao udhani tunaondoka.

Wiki ya tatu ndo lilinikuta lile lililonifanya niandike huku nina hasira. Usiku wa kuamkia Jumamosi, saa 9 usiku, simu ya dereva, gari limezima baada ya Mikumi, kwenye gari kuna matenga yangu 120 na ya wenzangu wawili. Akaongea nusu dakika akasema, "Mama nipigie, salio langu linaisha." Nikampigia. Mimi nikijua nina kifurushi, kumbe kile cha siku kilikuwa kimekata saa 4 usiku nikiwa nimelala, ujumbe uliingia sikuusikia. Kwenye laini kulikuwa na salio la kawaida la buku, hela niliyoiweka kwa shughuli nyingine. Simu ikaenda vizuri, hakuna sauti iliyoniambia sasa unakatwa nje ya kifurushi, nikawa namuuliza fundi yuko wapi, gari lingine lipo, turubai mmefunika. Dakika nne na kidogo, simu ikakata katikati ya neno. Alikuwa anasema "mama kuna Fuso tupu inarudi Dar lakini anataka la..." kimya. Laki moja? Laki mbili? Laki na nusu? Nimesimama uani kwangu Vingunguti usiku ule na kanga moja natafuta jinsi ya kununua salio kwa hela ya kwenye simu, vidole vinatetemeka, menyu inaniuliza kama nataka muziki wa miito.

Nilipompata tena ile Fuso ilikuwa imeshaondoka. Mzigo ulifika Ilala saa 7 mchana badala ya alfajiri, nyanya zimepigwa jua, nikauza kwa bei ya kutupa. Sitasema mtandao ndo ulioharibu gari, hapana. Ninachosema ni kwamba dakika ileile ambayo ndani ya kifurushi nainunua shilingi 30, nje ya kifurushi ilinila zaidi ya shilingi 200, na nilivuka kutoka huku kwenda kule bila kuulizwa unakubali au hukubali. Ile bei ya nje ya kifurushi hawaitangazi kwenye mabango. Mabango yote ni ya vifurushi. Bei ya nje ipo kama shimo pembeni ya njia, unalijua siku umelitumbukia, na mara nyingi unatumbukia usiku, una shida.

Tena mimi nina nafuu, nina hela kidogo kwenye simu naweza kununua. Yule asiye nayo anakopa salio, anakatwa ada ya mkopo, anatumia salio la mkopo nje ya kifurushi. Hapo hesabu sitaki hata kuifanya.

Baada ya hapo nilitulia nikaanza kuuliza watu, na hapa ndo nina kitu cha kuwasaidia. Kijana mmoja wa duka la simu pale Kariakoo mtaa wa Aggrey aliniambia mama ukinunua kifurushi kilekile kabla ya kile cha mwanzo hakijaisha muda, zilizobaki zinaungana na mpya. Sikuamini. Wiki ya nne nikajaribu, Jumatatu saa 1 asubuhi, bado saa nzima muda kuisha, nimebakiza dakika 21, nikanunua kilekile cha 3,000. Nikaangalia salio, dakika 121, muda wiki nzima mbele. Nilifurahi kama nimeokota hela. Ila angalieni, lazima kiwe kilekile, nilijaribu kwenye laini ya pili kwa kununua kikubwa zaidi nikidhani ndo watafurahi, dakika za mwanzo zikafa kwa muda wake kama kawaida. Na ukichelewa hata dakika moja umechelewa. Miaka yote hii hakuna ujumbe hata mmoja ulionielekeza jambo hilo, wakati ujumbe wa michezo ya kubahatisha napata mpaka mitatu kwa siku.

Jambo la pili aliloniambia ni vile vifurushi visivyo na kikomo cha muda. Kwenye laini yangu ya tatu vipo, ila vimewekwa mbali, unabonyeza ukurasa wa kwanza, mbele, mbele tena, ndo unavikuta chini. Nilinunua, 3,000 dakika 60, yaani shilingi 50 kwa dakika. Ukiangalia haraka utasema ghali, kule 30 huku 50. Lakini rudi kwenye daftari langu wiki ya kwanza, kile cha 30 niliishia kulipa 48. Tofauti ni shilingi mbili, na huku silali na wasiwasi. Kwa mtu ambaye mwezi wake haueleweki, fundi, dalali, muuza nyanya, msusi, mimi nasema hiki ndo kifurushi cha kweli. Kwa mtu mwenye ratiba, anaongea kiasi kilekile kila siku, cha wiki kitamfaa zaidi.

Niwe mkweli pia kwa upande wa kampuni, sio kila kinachokatwa wanakula wao. Kwenye huduma za simu, kwa viwango tulivyovitumia kupiga hesabu, ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 17 na juu yake VAT asilimia 18. Nilikaa na binti yangu anasoma uhasibu tukapiga, kwenye buku moja ya vocha kama shilingi 276 ni kodi, inayobaki kwa ajili ya simu yenyewe ni kama 724. Na hiyo 17 ina historia yake, mtakumbuka Julai 2013 ilipokuja kodi ya laini, shilingi 1,000 kila mwezi kwa kila laini. Pale sokoni watu walikuwa wanatoa simu wanahesabu laini mezani, mwenye tatu ni 36,000 kwa mwaka. Kelele zikapigwa nchi nzima, kodi ikafutwa, tukashangilia, na ushuru wa bidhaa ukapandishwa kufika hiyo 17. Kwa hiyo tuliacha kulipa kwa laini tukaanza kulipa kwa kila neno, na hii ya pili watu hawajaipigia kelele maana haionekani kwenye ujumbe. Mimi ningependa ionekane. Risiti ya dukani inaonyesha kodi, ujumbe wa kifurushi nao uandike.

Ila kelele zinasaidia, tusidanganyane. Aprili 2 mwaka 2021, ilikuwa Ijumaa Kuu, watu tuliamka tukakuta bei mpya za vifurushi, hela ileile vitu vimepungua vibaya sana. Mimi nilijua kwa mkulima, alinipigia analia vocha yake imepatwa na nini. Mitandaoni hakukukalika. Haikupita muda serikali ikasitisha, bei zikarudi za zamani. Watu walikuwa wamekasirika kwa pamoja, siku moja, jambo moja. Kinachotushinda ni haya madogomadogo, dakika 38 za kwangu, 15 za jirani, kila mtu zinamfia peke yake kwa saa yake, hakuna Ijumaa Kuu ya kukasirika pamoja.

Kuhusu kuhama. Tangu Machi 1 mwaka 2017 mtu anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake ileile, unaenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka na kitambulisho, unatuma neno HAMA kwenda 15080, unaendelea na utaratibu wao. Nilifikiria sana baada ya ule usiku wa Mikumi. Nilifika mpaka kwa wakala Karume, nikakaa kwenye benchi. Kilichonirudisha ni hela. Namba inahama, hela ya kwenye simu haihami, inabidi uitoe kwanza, na zaidi ya hela ni ile historia, kule nakopesheka, wakulima wameshazoea jina linalotokea wakinitumia, na mawakala wa Ilula wengi ni wa mtandao huo. Kwa hiyo huduma ya kuhama naipa sifa, ni nzuri, ni bure kuifikiria, lakini aliyefungwa na hela haendi mbali. Nadhani kampuni zinalijua hilo vizuri, na ndo maana menyu yangu inasoma 25.

Alama zangu basi. Laini kubwa naipa mbili kwa tano, mtandao unashika mpaka mashambani na bei ya wiki ni nzuri ukiijulia, lakini ile bei ya nje ya kifurushi bila onyo na kumnyima mwenyeji nyongeza vimenivunja moyo. Laini ya pili mbili na nusu, dakika nyingi ila Kitonga haishiki, na kwangu Kitonga ni nusu ya biashara. Laini ya tatu naipa nne, kwa kile kifurushi kisichokufa, ningeipa tano kama wangekitoa huko chini walikokificha wakakiweka ukurasa wa kwanza.

Saivi nafanya hivi. Laini kubwa nimeiacha kwa hela na kupokelea. Simu zote za kutoka napiga na ile ya tatu, nimewapigia wakulima mmoja mmoja kuwaambia hii ndo namba yangu ya pili msiogope kupokea. Na ajabu, wiki ya pili tu tangu laini kubwa ipumzike, ofa ya buku imepanda kutoka dakika 25 hadi 35.

Juzi jioni nilimpigia yule mzee wa Ilula kuulizia mzigo wa Jumatano. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamsubiri. Nikauliza mama hajambo, watoto, mvua. Akanyamaza kidogo akasema, "Mwanangu leo kuna tatizo? Mbona hujauliza matenga?" Nikamwambia baba hakuna tatizo, nina dakika. Akacheka, akaanza kunisimulia mjukuu wake aliyezaliwa Jumapili hospitali ya Ilula, kilo tatu na nusu, wamempa jina la bibi yake aliyefariki. Dakika saba hizo. Matenga tuliyaongelea mwishoni, ni themanini.